Natengeneza stesheni ya Moshi ya enzi za mvuke juu ya plaiwudi: kwa nini injini kwenye picha ya babu imekaa kinyume?

Njoro_Relini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimekulia Njoro, kando ya reli kabisa. Tangu mwaka jana natengeneza mfano mdogo wa stesheni yetu ya Moshi jinsi ilivyokuwa zama za injini za mvuke: jengo, jukwaa, tanki la maji, kota za reli, mabehewa ya kahawa, na mlima nyuma yake. Nilinunua plaiwudi moja nzima, futi 8 kwa 4, imelala chumba cha wageni. Mke wangu alinuna wiki mbili, sasa anaifuta vumbi mwenyewe.

Shida yangu ni hii. Kielelezo kikubwa nilicho nacho ni picha ya marehemu babu, aliyekuwa kibarua wa reli. Nyeusi na nyeupe, nyuma imeandikwa kwa penseli "Moshi 64". Babu kasimama na taa mkononi, nyuma yake kuna injini. Sasa ile injini imefungwa kwenye mabehewa kwa upande wa pua. Tenda ndiyo iko mbele (si tenda ya zabuni, ni lile gari la nyuma la maji na mafuta). Yaani treni nzima inaongozwa na mgongo.

Je, ilikuwa kawaida? Na Moshi palikuwa na meza ya kugeuzia injini? Nataka kujua kabla sijagundisha reli, nisije nikachekwa.

Chalii_wa_Unga

Chalii yangu, Wamoshi mmeanza kwenda kinyumenyume tangu 64, leo ndiyo mnashtuka? Nipo Unga Limited hapa, nimevuta kiti.

Kibosho_Juu

Uzi mzuri. Kwa faida ya vijana: reli ya Moshi ilijengwa na Mwingereza mwaka 1911, ikapelekwa Arusha mwaka huohuo. Na injini zake zilikuwa zile kubwa za Garratt, zenye matanki mbele na nyuma, mojawapo iliitwa Mount Kilimanjaro kabisa. Tengeneza hiyo mkuu, itapendeza.

Mwl_Jiografia

@Kibosho_Juu mkuu, umeweka chumvi na sukari chungu kimoja. 1911 hapa alikuwepo Mjerumani. Alianza Tanga 1893, akafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911, na uzinduzi rasmi ukawa mwanzoni mwa 1912. Tanga mpaka Moshi ni kilomita 352, miaka kumi na minane ya kuchimba na kusimama. Arusha ni ya Mwingereza, 1929, kilomita 86 zaidi. Kipande cha kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe Waingereza walikijenga wakati wa Vita ya Kwanza, kwa ajili ya kupeleka jeshi.

Kibosho_Juu

Sawa mwalimu, nimepokea. Ila Garratt ya Mount Kilimanjaro ilikuwepo, hapo sitoki.

MzeeGadi

Ilikuwepo, lakini si kwetu. Zile ni za daraja la 59, yaani aina ya injini kwa namba za shirika la reli. Zilikuwa 34, zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zilitengenezwa Manchester na Beyer Peacock katikati ya miaka ya hamsini. Tani 252 moja. Kazi yake ilikuwa Mombasa na Nairobi, kwenye reli nene. Ungeileta kwenye reli zetu nyembamba ingezikunja kama waya wa nguo. Kwa hiyo Mount Kilimanjaro iliuona Kilimanjaro kwa mbali, kutokea upande wa Kenya, siku hakuna mawingu.

Mimi nilikuwa gadi wa treni miaka ya sabini, zaidi upande wa Korogwe. Nikipata nafasi nitarudi kwenye swali la kijana.

Binti_Same

Shikamoo Mzee Gadi. Naongezea: moja ya hizo 59 iliyobaki makumbusho ya reli Nairobi ni namba 5930, Mount Shengena. Shengena ni ya kwetu Upareni! Na nyingine ni 5918, Mount Gelai, huo mlima uko Longido. Nilizipiga picha nikiwa chuo. Wapare tumehifadhiwa, Wachaga tafuteni wenu.

Kibosho_Juu

😂😂 Wapare hata injini mmeibania isiuzwe chuma chakavu.

fundi_redio

Turudi kwenye plaiwudi. Mkuu @Njoro_Relini, unatumia kipimo gani? Reli zako zina upana wa milimita ngapi?

Njoro_Relini

Nilipata seti ya mtumba Kiboriloni, ndani ya boksi la midoli. Imeandikwa HO. Upana wa reli nimepima kwa rula ni 16 na nusu. Injini inatembea, ila ni ya Kijerumani, ya umeme, ile yenye fremu juu.

fundi_redio

Basi umejenga SGR, siyo MGR (reli yetu ya zamani ya mita moja) 😂. HO ni 1 kwa 87, yaani kitu cha kweli kimepunguzwa mara 87. Zidisha 16.5 mara 87, unapata milimita 1,435, ndiyo upana wa SGR ya Dar. Reli yetu ya Moshi ni mita moja kamili. Mtu anayejua akiangalia tu ataona mabehewa yako yamepanua miguu.

Njia ziko tatu. Kwanza, baki na 1 kwa 87 lakini tumia reli ya milimita 12: 12 mara 87 ni 1,044. Wazungu wanaiita HOm, Waswisi wanaipenda sana kwa sababu nao wana reli za mita moja milimani, kwa hiyo reli zake zinauzwa madukani, Peco wanazo. Ila bei yake utauza mbuzi. Pili, baki na reli yako ya 16.5 na ukuze kila kitu kingine mpaka 1 kwa 64, inakuja 1,056. Magurudumu ya mtumba yanabaki, bodi unajenga upya. Tatu, tafuta seti ndogo za milimita 9, utengeneze kwa 1 kwa 111. Hapo inatoka mita moja barabara.

Njoro_Relini

Daah. Sikuwahi kuipigia hesabu. Ila 1 kwa 64 si meza itakuwa ndogo?

fundi_redio

Ndiyo hapo penye maumivu. Futi 8 ni mita 2.44. Kwa 1 kwa 87 meza yako ni mita 212 za kweli. Kwa 1 kwa 64 ni mita 156 tu. Kwa 1 kwa 111 unapata kama mita 270. Kwa vyovyote vile itabidi uminye. Weka njia mbili pale palipokuwa na nne, mabehewa matano pale palipokuwa na kumi na tano. Hakuna anayejenga stesheni nzima, hata hao Wazungu wenye magodauni.

Chalii_wa_Unga

Kwa hiyo Moshi nzima inaenea kwenye chumba cha wageni. Hatimaye mmekubali ukubwa wa mji wenu.

MzeeGadi

Nimerudi. Kijana, injini kutanguliza tenda lilikuwa jambo la kila siku. Injini ya shantingi haigeuzwi, inakwenda mbele inarudi nyuma kutwa nzima kupanga mabehewa. Na safari fupi nayo, kwenda kuchukua mzigo na kurudi, hakuna aliyehangaika kugeuza. Tatizo lake dereva haoni vizuri na vumbi lote linampiga usoni, faiamani (mwenye kutunza moto) analaani mpaka wanafika. Kwa hiyo picha yako ni ya shantingi. Funga mjadala.

Mwl_Jiografia

Mzee wangu, kwa heshima, sifungi. Kijana kasema nyuma kuna mabehewa, na kama ni ya abiria basi hiyo si shantingi. @Njoro_Relini ni mabehewa gani?

Njoro_Relini

Naona moja na nusu tu. La kwanza lina madirisha. La pili limekatwa na ukingo wa picha.

MzeeGadi

Hata mabehewa ya abiria yanapangwa kwa shantingi, mwalimu. Hayajipangi yenyewe.

Binti_Same

Mimi nina wazo lingine. Una uhakika ni tenda? Garratt ndogo, zile za daraja la 60, zilifika reli nyepesi kwa sababu uzito wake kwa ekseli ni kama tani 11 tu. Garratt ina boila katikati, matanki mbele na nyuma, magurudumu pande zote mbili. Mtu asiyezijua akiona tanki limetangulia atasema injini imegeuka. Kumbe ile haina mgongo, inakwenda popote bila kugeuzwa, ndiyo sifa yake. Hesabu magurudumu.

Njoro_Relini

Magurudumu yamefunikwa na koti la babu na majani. Naona matatu, labda manne.

Kibosho_Juu

Babu yako alikuwa mpana.

fundi_redio

Kama ni ya 60, kumbuka zilibatizwa majina ya magavana wa kikoloni na majina yakang'olewa baada ya uhuru. Kwa hiyo kwa 1964 usihangaike na vibao. Na bomba la moshi angalia kama ni la duara au ni bapa refu kama sanduku la posta lililolazwa. Afrika Mashariki walifunga mabomba ya mtindo wa Giesl kwenye injini nyingi, hayo ni bapa. Ukiweka la duara kwenye injini iliyobadilishwa, umekosea.

Rangi: damu ya mzee. Usiweke nyeusi kwa sababu picha ni nyeusi.

Mama_Kahawa

Habari zenu wanangu. Mimi sijui injini, ila ni fundi cherehani, na baba yangu alikuwa kiwanda cha kukoboa kahawa. Naona mnasahau jambo dogo. Picha za zamani zilisafishwa kutoka kwenye negativu. Fundi picha akiweka negativu kwa upande wa pili, picha inatoka imegeuka kama kwenye kioo, kushoto inakuwa kulia. Angalia koti la babu. Koti la kiume vifungo vinakaa kulia, matundu kushoto. Ukiona vimekuwa kinyume, basi na treni yako ilikuwa inaelekea upande mwingine, ingawa tenda inabaki mbele vilevile.

Mwl_Jiografia

Mama umenifumbua macho! Na kipimo cha pili kipo: mlima. Ukiwa Moshi unatazama kaskazini, Kibo iko kushoto, Mawenzi kulia. Kama kwenye picha Mawenzi iko kushoto, picha imegeuzwa. Mkuu, mlima unaonekana?

Njoro_Relini

Mama shikamoo, na ahsante. Nimechukua kioo cha kukuzia. Koti liko wazi, halijafungwa, na upande mmoja mkono wenye taa umeziba. Naona kifungo kimoja upande wa... kulia kwake. Nadhani. Au ni doa.

Mlima: kuna mawingu. Chini ya wingu kuna mteremko unaoshuka kuelekea kulia.

Chalii_wa_Unga

Mawingu! Mlima umewasaliti tangu 64. Meru ingejitokeza.

Kibosho_Juu

Meru ingejitokeza ikiwa imepungukiwa upande mmoja, kama kawaida yake.

Mama_Kahawa

Marahaba mwanangu. Hata kifungo kikionekana kushoto bado si ushahidi, makoti ya mtumba ya kike wanaume walivaa bila kujua. Nimewashonea upya wengi.

Kibosho_Juu

Kwa hiyo maelezo mapya: babu alivaa koti la mama mmoja wa Ulaya. Treni inabaki kinyume.

Binti_Same

Taa kaishika mkono gani?

Njoro_Relini

Wa kushoto.

Binti_Same

Babu alikuwa mashoto?

Njoro_Relini

Nimempigia baba mdogo wa Rombo, anasema ndiyo, alikuwa mashoto, alikula ugali kwa mkono wa kulia kwa kulazimishwa tu. Nimempigia shangazi wa Same, anasema hapana kabisa, na kwamba baba mdogo anasema hivyo kwa sababu yeye ndiye mashoto. Sasa wamegombana wao, nimewaachia.

Mwl_Jiografia

Tutazame vivuli. Moshi tuko kama nyuzi 3 kusini mwa Ikweta. Mwezi wa sita jua la mchana liko kaskazini, upande wa mlima, kivuli kinaelekea kusini. Desemba ni kinyume chake. Tukijua mwezi tutajua upande wa kamera, na tukijua upande wa kamera tutajua kama treni inaelekea Kahe au Arusha.

fundi_redio

Na tukijua mwezi tungekuwa hatuna uzi huu, mwalimu.

KanyagaTwende

Naomba kupinga kwa adabu. Wote mmekubali kwamba ni Moshi mjini kwa sababu ya neno moja la penseli. Je, kama babu aliandika "moshi" kwa maana ya moshi wenyewe? Gari la moshi, 64. Picha ina moshi, kaandika moshi. Inawezekana ni Korogwe, au Kahe, au Voi kabisa, maana siku hizo shirika lilikuwa moja la Afrika Mashariki na mfanyakazi alihamishwa popote.

Njoro_Relini

😂😂😂 Wewe ndugu umeniharibia usiku.

MzeeGadi

Hoja yake si ya kuchekwa. Kahe palikuwa njia panda ya reli: ya Tanga, ya Moshi, na ya Voi. Injini zilikatwa na kuunganishwa pale. Treni ikiingia njia panda kwa upande usiofaa, injini inazunguka na kufungwa upande wa pili, basi kilichokuwa mkia kinakuwa kichwa. Ukitaka pua itangulie inabidi igeuzwe kwenye meza au kwenye pembetatu, na dereva akiwa amechelewa anakwenda hivyohivyo.

fundi_redio

Mzee, elezea pembetatu kwa ajili ya mwenye plaiwudi.

MzeeGadi

Reli tatu zinaungana kama pembetatu. Unaingia ubavu mmoja, unarudi nyuma ubavu wa pili, unatoka wa tatu, umeshageuka. Kama dereva wa fuso anavyogeuza kwenye njia ya shamba. Haihitaji chuma kinachozunguka wala grisi, ila inakula eneo. Meza inakula eneo dogo lakini ikikwama, injini zote zimekwama.

Njoro_Relini

Na Moshi ilikuwa nini, mzee?

MzeeGadi

Mimi nakumbuka pembetatu.

Mama_Kahawa

Baba alituambia habari ya meza, watoto walikuwa wanatimuliwa wasiipande.

MzeeGadi

Labda alisema ya Tanga, mama.

Mama_Kahawa

Baba hakuwahi kufika Tanga.

KanyagaTwende

🍿

Njoro_Relini

Nimechukua ushauri wa @fundi_redio, naenda na 1 kwa 64 kwa sababu magurudumu ninayo tayari. Nimeanza na jengo. Mbao za kuta nimetumia ule mti mrefu unaochipuka katikati ya mkonge unapotoa maua. Ukikauka ni mwepesi kama sponji na unakatika kwa wembe. Niliuokota njia ya Same, bure. Kokoto za reli nimechekecha mchanga mweusi wa mtoni, kokoto zetu ni za volkano, ukitumia za kijivu za dukani inaonekana Ulaya. Mataruma ni vijiti vya kiberiti vilivyolowekwa kwenye chai ya rangi. Ardhi ni makapi ya kahawa.

Mama_Kahawa

Makapi yakae juani siku tatu kwanza, la sivyo yataota ukungu. Na magunia? Usiponiwekea magunia ya kahawa kwenye jukwaa sitakuja kuangalia. KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, imeanza 1933, mpaka 64 jukwaa lilikuwa halipitiki msimu wa kahawa. Kata kitambaa cha gunia la kweli, nyuzi zitaonekana nene sana lakini harufu itakuwepo.

Kibosho_Juu

Na mlima uuchore na barafu ya kutosha. Barafu ya Kibo imepungua kama asilimia 85 kati ya 1912 na 2007. Ukichora ya leo umetengeneza stesheni ya mwaka huu.

Njoro_Relini

Hilo nimelifuta jana! Nilikuwa nimechora kwa kutazama dirishani.

Binti_Same

Swali la kizushi: zilikuwa zinawasha kuni au mafuta? Maana ukiweka kuni kwenye tenda na kumbe ni tanki la mafuta, mzee atakusema.

MzeeGadi

Nitakusema. Tanganyika kuni zilichomwa miaka mingi, misitu inajua. Lakini injini mpya za miaka ya hamsini zilizokuja kwa shirika la Afrika Mashariki zilikuwa za mafuta mazito. Moshi wake mweusi, mzito, nguo zilizoanikwa kota za reli zilikuwa na rangi moja.

Chalii_wa_Unga

Ndiyo maana mji ukaitwa hivyo.

Njoro_Relini

Wakuu nimepata kitu. Nimepeleka picha stesheneri wakaiskani kwa ukubwa. Ubavuni mwa kibanda cha dereva kuna namba! Tarakimu ya kwanza na ya pili zimefunikwa na mvuke. Ya tatu haisomeki. Ya mwisho inasomeka wazi: ni 8.

Mwl_Jiografia

Nane. Tarakimu ambayo ukiigeuza kwenye kioo inabaki nane.

fundi_redio

Ingekuwa hata 7 jamani.

KanyagaTwende

Ingekuwa sifuri ningesema babu kafanya makusudi.

Binti_Same

Daraja la 29, la 31 na la 60 zote zina namba inayoishia na 8, kwa hiyo hatujapunguza hata moja. Ila angalia kama kuna kibao cha jina. Za 29 na za 31 zilipewa majina ya makabila. Kule Nairobi kuna ya daraja la 30 inaitwa Nyaturu.

Njoro_Relini

Kibao kipo, kirefu, chini ya mkono wa babu. Herufi hazisomeki. Naona kama zinaanza na M au W.

Kibosho_Juu

W ukiigeuza kwenye kioo inabaki W.

Chalii_wa_Unga

Na M ukiipindua juu chini inakuwa W. Babu yenu alikuwa fundi.

Njoro_Relini

Nimeamua hivi: mwisho mmoja wa njia naweka pembetatu nusu, inayopotelea nyuma ya godauni la kahawa. Mzee Gadi akija ataona pembetatu, Mama Kahawa akija nitamwambia meza iko nyuma ya godauni. Injini naifunga kwa sumaku, inageuzwa kwa mkono.

MzeeGadi

Nitakuja. Nitatembea nyuma ya godauni.

Chalii_wa_Unga

Na sisi Arusha treni inafika lini?

Njoro_Relini

Reli ilichukua miaka kumi na minane kutoka Moshi kuja kwenu, chalii. Mimi nasubiri plaiwudi ya pili ishuke bei.

KanyagaTwende

Plaiwudi ya milimita 18 au 12? Mimi nina ya 12 imepinda katikati kama tandiko, nauliza kabla sijanunua nyingine.

fundi_redio

Chukua 12, piga mbao za 2 kwa 2 chini kila futi mbili. Na paka rangi pande zote mbili, ukipaka juu tu itapinda tena.